Cheni ya Taimingi Iliporuka: Maelezo Yetu kwa Kamati za Parokia Kuhusu Gari la Zahanati

(Haya ni maneno yaliyotolewa na idara yetu ya afya na usafiri katika mkutano wa kamati za maendeleo za parokia. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika na kwa ajili ya wafadhili wetu.)



Tumeombwa tueleze kwa nini gari la zahanati lilisimama wiki sita mwaka 2023, na kwa nini fedha zilizochangwa kwa ajili ya paa la nyumba ya mkunga zilikwenda kwenye injini. Swali hilo limeulizwa na parokia tatu kwa barua, na parokia nyingine zimeliuliza kwa njia ya kutoleta mchango. Mnayo haki. Kwa hiyo hatutaanza na shukrani ndefu kama kawaida yetu. Tutaanza na hivi vitu vilivyo mezani.

Hii hapa ni cheni ya taimingi ya zamani, iliyotolewa ndani ya injini. Hii nyingine ni kipande cha plastiki kilichookotwa ndani ya sampu ya oili. Na hizi tatu ni valvu. Tutazipitisha mikononi mwenu. Mwenye kukaa mbele aizungushe moja kati ya vidole vyake, ataona jinsi inavyoyumba. Imepinda. Kupinda kwake ni kudogo sana, karibu jicho lisione, lakini ndiko kulikotugharimu paa la mkunga.

Wengi wetu hapa tunaijua cheni ya baiskeli. Ikilegea inaruka kwenye meno, unakanyaga hewa, unashuka, unairudisha, unachafuka mikono, unaendelea na safari. Basi mtu akisikia kwamba cheni ya gari imeruka, anadhani ni jambo la namna hiyo hiyo. Sisi nasi tulidhani hivyo.

Lakini cheni ya ndani ya injini haipeleki magurudumu. Kazi yake ni kuunganisha mihimili miwili ili iende kwa mapigo yanayopatana. Mhimili wa chini, krankshafti, unapandisha na kushusha pistoni. Mhimili wa juu, kamshafti, unafungua na kufunga valvu, milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Wa chini ukizunguka mara mbili, wa juu unazunguka mara moja, siku zote. Ndiyo maana gia ya juu ina meno mara mbili ya gia ya chini. Katika gari letu cheni hiyo hiyo inazungusha pia pampu ya dizeli, ili dizeli irushwe kwenye silinda kwa wakati wake.

Fikirini akina mama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mchi mmoja unashuka, mwingine unapanda. Wakipatana, kazi inakwenda na wimbo juu yake. Mmoja akichelewa kidogo tu, michi inagongana ndani ya kinu. Pistoni na valvu ndivyo vilivyo. Valvu ikifunguka inaingia katika nafasi ile ile ambayo pistoni itafika muda mfupi baadaye. Katika injini ya dizeli nafasi hiyo ni finyu sana, kwa sababu dizeli haiwashwi na plagi. Huwashwa na joto la hewa iliyobanwa, na katika injini nyingi za aina hii hewa hubanwa hadi karibu sehemu moja ya 18 ya ujazo wake wa kwanza. Pistoni ikifika juu inakaribia kabisa kugusa silinda hedi. Valvu iliyochelewa kufunga haina mahali pa kukimbilia.

Sasa habari yenyewe.

Dereva wetu anayo daftari la safari. Tulimpa wenyewe, na tulimwambia aandike kila kitu. Mwezi wa Machi aliandika: "Asubuhi injini inapiga kelele ya cheni, inaacha baada ya muda mfupi." Mwezi wa Aprili akaandika tena, na kuongeza kwamba kelele ni kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Mwezi wa Mei akaandika mara ya tatu: "Gari linachelewa kuwaka, linatoa moshi mweupe, halina nguvu mlimani." Kila ukurasa wa daftari hilo una sahihi yetu chini. Tulikuwa tunatia sahihi kwa ajili ya hesabu ya mafuta. Macho yetu yalikuwa kwenye safu ya lita na safu ya kilomita. Safu ya maelezo hatukuisoma.

Kelele ile ya asubuhi ina maana yake. Cheni inakazwa na kifaa kidogo ambacho mafundi wanakiita tensiona, nasi leo tutakiita kikaza cheni. Ndani yake mna springi, lakini nguvu yake kubwa inatoka kwenye oili ya injini: oili ikisukumwa na pampu inaingia ndani ya kikaza, nacho kinasukuma kibao kinachoegemea cheni. Usiku injini imelala, oili imeshuka. Asubuhi, hasa katika baridi yetu ya Nyanda za Juu, oili inachelewa kufika, kikaza kinakuwa bado kimelegea, na cheni inapiga kuta. Ikinyamaza baada ya muda mfupi, maana yake oili imefika, ila bado inaonyesha kwamba cheni imeanza kurefuka, au kibao kimechakaa, au oili inafika kwa shida. Kwetu yalikuwa yote matatu.

Tuseme na hili la oili. Oili ya gari lile ilibadilishwa mara ya mwisho kilomita zikisoma 181,400. Kwa barabara zetu za vumbi na mizigo yetu, tulikubaliana ibadilishwe kila kilomita 5,000. Gari liliposimama zilisoma 199,000. Hesabu ni rahisi, tulikosa mara tatu. Fedha za matengenezo zilikuwepo kwenye bajeti, tukazihamisha kwenda kulipia posho za semina, kwa nia ya kuzirudisha. Anayesimamia kifungu hicho ni sisi tunaosema nanyi sasa. Hatukumwibia mtu, lakini hatukuzirudisha pia.

Mwezi wa Juni 2023 gari lilipeleka dawa kwenye zahanati ya mbali, likalala huko. Breki ya mkono ilikuwa dhaifu (hilo nalo liko kwenye daftari), kwa hiyo dereva aliliegesha limeelekea mlimani, akaliacha kwenye gia namba moja. Usiku lilirudi nyuma kidogo, labda hatua moja, likashikwa na injini. Ndugu, hapo ndipo cheni iliporuka. Gari likirudi nyuma huku liko kwenye gia ya mbele, injini inazungushwa kinyume. Upande wa cheni wenye kikaza, ambao kwa kawaida haubebi mzigo, ndio unaovutwa, nao unakisukuma kikaza kirudi ndani. Hakuna oili ya kukizuia, maana injini imezimwa. Ulegevu unahamia upande wa pili, na cheni iliyokwisha kurefuka inapata nafasi ya kupanda juu ya jino. Ikaruka.

Asubuhi gari halikuwaka. Dereva alipiga stata mara mbili, akasikia injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, akaacha. Injini nzima ya dizeli huwa nzito kwa sababu inabana hewa. Ikizunguka kama feni, kuna mlango ulio wazi wakati usio wake. Yeye hakujua kueleza hivyo, lakini alijua si salama. Akatupigia simu.

Tulikuwa kwenye kikao. Zahanati nyingine mbili zilikuwa zinasubiri gari, na mama mkunga wa mojawapo alikuwa ametupigia mara tatu tangu alfajiri. Tulimjibu dereva hivi: "Mzee, tafuta vijana walisukume, litawaka tu."

Akasema, "Mkubwa, mimi naogopa kulisukuma."

Tukamwambia asiogope, na kwamba tunahitaji gari saa nne.

Vijana walikuja kwa moyo mzuri kabisa. Wakalisukuma kuteremka mlima, gia namba mbili, akaachia klachi. Likapiga mlio mmoja mkavu, magurudumu yakakwama, likasimama. Mlio huo ndio hizo valvu zinazozunguka sasa mikononi mwenu.

Tunalisema hili kwa sababu katika barua zenu mmemtaja dereva, na parokia moja imependekeza aachishwe kazi. Tunaomba pendekezo hilo liondolewe leo hii kwenye kumbukumbu. Pale gari lilipokuwa limelala, baada ya yeye kuacha stata, huenda madhara yalikuwa bado ni ya cheni peke yake. Kama tungemsikiliza na kutafuta gari la kulivuta, fundi angeifunga cheni mpya na huenda silinda hedi isingefunguliwa. Amri ya kusukuma ilitoka ofisini.

Lori la mbao lililokuwa linashuka kwenda Makambako lilitusaidia kulivuta. Hapo Makambako tulipata fundi wa kwanza. Alitoa ushauri uliotupendeza: afungue kifuniko cha mbele, arudishe cheni kwenye alama zake, afunge, nusu siku kazi imekwisha, bei ndogo. Tulikuwa tayari. Aliyetuzuia ni mzee mmoja fundi, amestaafu kazi ya malori, ambaye dereva wetu alikuwa amemwomba aje kuangalia. Yeye aliuliza swali moja tu: "Na kilichoifanya iruke mmekiona?"

Hatukuwa tumekiona. Basi kazi ikaanza upya chini ya mzee huyo.

Kwanza alikataza mtu yeyote kugusa stata. Akatoa vifaa vya kuwashia vya silinda zote ili injini izunguke kirahisi, akaizungusha kwa mkono, spana ikiwa kwenye boliti kubwa ya puli ya mbele, taratibu, akisikiliza. Ikigota, anaacha, halazimishi. Alipofungua mbele tuliona alama za kamshafti na za krankshafti hazipatani kwa meno mawili. Kibao kimoja cha plastiki kinachoongoza cheni kilikuwa kimevunjika.

Akairudisha cheni ile ile ya zamani kwenye alama kwa muda, ili apime. Watu wengi hawafanyi hatua hii, nasi tunaisifu. Cheni ikiwa imeruka, kipimo cha mbano kinakuwa kibaya kila mahali na hakikuambii kitu. Ikiwa kwenye alama, kinakuambia valvu ipi imeumia. Silinda ya kwanza na ya nne zilikaribia 400 psi, kipimo cha kuridhisha kwa dizeli ya umri huo. Ya pili ilikuwa chini sana. Ya tatu mshale haukunyanyuka. Kama tungefuata njia ya nusu siku, tungefunga kila kitu, tukapiga stata, na injini ingetetemeka kwa silinda mbili huku fedha zimekwisha.

Silinda hedi ikafunguliwa. Valvu mbili za silinda ya tatu na moja ya silinda ya pili zilikuwa zimepinda. Vichwa vya pistoni vilikuwa na alama ya kugongwa kama mwezi mwandamo, lakini havikupasuka, na mzee aliridhika navyo baada ya kuvikagua kwa taa na kwa kucha.

Kisha akafungua sampu. Kwa maoni yetu hapa ndipo gari lilipookolewa. Kichujio ambacho pampu ya oili inanyonyea kilikuwa kimezibwa karibu nusu na tope jeusi pamoja na vipande vya ile plastiki. Kitundu cha kupeleka oili kwenye kikaza, chembamba kama tundu la sindano ya kushonea magunia, kilikuwa kimejaa tope hilo hilo. Kwa hiyo hata tungefunga cheni mpya na kikaza kipya, oili isingefika, na tungekuwa tunawaeleza leo habari ya injini ya pili.

Spea tuliagiza kutoka Kariakoo, zikaja kwa basi. Mzee alitaka seti nzima: cheni, gia zake, vibao na kikaza. Mhazini wetu aliuliza kama gia za zamani haziwezi kutumika, maana kwa macho yake zilikuwa nzima. Akaonyeshwa jinsi meno yalivyokwisha kulika upande mmoja kama ndoano; cheni mpya juu ya meno hayo inachakaa upesi. Mhazini akalipa, ingawa alipumua kwa nguvu.

Siku ya kufunga tulikuwepo. Pistoni ya kwanza ikapelekwa juu kabisa. Cheni mpya ina viungo vichache vyenye rangi tofauti. Kila kiungo cha rangi kinakaa kwenye alama ya gia yake, ya krankshafti, ya pampu na ya kamshafti. Kikaza kilifungwa kikiwa kimebanwa na pini ndogo, na pini ikachomolewa mwishoni, nacho kikaruka na kukaa kwenye kibao kwa mlio mdogo. Kisha injini ikazungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, kwa upande wake wa kawaida.

Hapo mjumbe mmoja wa kamati, hatumtaji, yuko safu ya pili anacheka, alipaza sauti kwamba fundi amekosea: viungo vya rangi havikurudi kwenye alama! Mzee hakukasirika. Alituonyesha kwamba alama za gia zenyewe zimerudi sawa kwenye mahali pake, na hilo ndilo la kuangalia. Viungo vya rangi ni vya kusaidia wakati wa kufunga tu; kwa kuwa idadi ya viungo vya cheni hailingani na meno ya gia, itachukua mizunguko mingi kabla havijakutana tena na alama. Tunalieleza hili kwa sababu tumesikia kuna mafundi vijana waliofungua kazi iliyo sahihi kwa hofu hiyo.

Kabla ya kuwasha, waya wa kukata dizeli ulichomolewa, stata ikapigwa kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazimika, ili kikaza kijae oili kwanza. Ndipo waya ukarudishwa. Liliwaka mara ya pili. Tulinyamaza sote tukisikiliza ile kelele ya misumari. Haikuwepo.

Gharama zote, pamoja na usafirishaji, zilikuwa Sh 2,870,000. Oili na filta kwa mara moja wakati ule ilikuwa kama Sh 130,000, kwa hiyo zile mara tatu tulizozikosa zingekuwa Sh 390,000. Stakabadhi zote ziko kwenye jalada la bluu pale mlangoni, na parokia tatu zilizoandika barua tumewatolea nakala.

Fedha za paa la mkunga tunazirudisha kwa awamu nne kutoka kwenye kifungu cha semina. Awamu mbili zimekwisha lipwa. Semina mbili hazikufanyika, na walioathirika wana haki ya kutulalamikia.

Kwa wafadhili wetu tunasema jambo moja kwa heshima. Katika maombi yetu ya miaka iliyopita tuliomba magari, nanyi mlitupa. Hatukuwahi kuandika kifungu cha oili, kwa sababu tuliona aibu. Tulidhani mfadhili hufurahi kuona jina la mradi kwenye mlango wa gari na wala si galoni la oili stoo. Labda tulikosea kuwafikiria hivyo. Ombi la mwaka huu lina kifungu hicho. Kama ni lazima kitu kipunguzwe kwenye ombi hilo, tunaomba kisiwe hicho.

Na kwa kamati zenye magari na mashine za kusaga: yapo magari yanayotumia mkanda badala ya cheni. Mkanda una kilomita zake za kubadilishwa zilizoandikwa, na baadhi ya pikapu za Toyota za dizeli huwasha taa ya T-BELT kwenye dashibodi kukukumbusha. Cheni kwa kawaida haina taa. Wauzaji hutuambia ni ya maisha ya injini, nasi tunasikia kwamba haihitaji kitu. Taa yake ni sikio la dereva asubuhi. Daftari la gari letu sasa linasomwa kila Jumatatu kwa sauti, safu ya maelezo kwanza, lita baadaye. Breki ya mkono imetengenezwa, na nyuma ya kiti kuna kabari mbili za mti mgumu za kuwekwa kwenye magurudumu mlimani.

Dereva yuko nje na gari, bonneti iko wazi. Halijawashwa tangu jana jioni, kwa makusudi. Wanaotaka kusikia linavyowaka likiwa baridi watoke sasa kabla ya chai, na watakaorudi wamkabidhi katibu zile valvu tatu, maana naona mezani zimebaki mbili.